Siku Mbili Dar es Salaam: Panga Saa Kwanza, Mahali Baadaye

"Mwanangu, sisi jana tumeona magari tu."

Mama mmoja kutoka Tabora aliniambia hivyo mara tu alipoitikia shikamoo yangu. Walikuwa watano, yeye, mumewe na wajukuu watatu, na mkononi ameshika karatasi ya daftari yenye majina kumi na moja: Kariakoo, Kigamboni, Coco Beach, Feri, Makumbusho, Mwenge na mengine. Yote ni mahali pa kwenda. Ila walifikia Mbezi, wakatoka saa mbili asubuhi kwenda Kariakoo, mchana wakavuka Kigamboni, jioni wakataka kuwahi Coco. Giza likawakuta kwenye daraja la Salenda ndani ya gari, watoto wamelala.

Kazi yangu ni kutembeza wageni katika jiji hili, na wengi wao ni Watanzania wenzangu na majirani zetu wa Kenya, Burundi na Kongo wanaokuja kwa harusi, matibabu au biashara, wakabakiwa na siku mbili za kuzunguka. Kila mmoja anakuja na orodha ya mahali. Mimi huwa naomba tuiweke orodha pembeni kwanza, tuanze na saa. Dar ina vitu vingi vya kuona, na vingi unavifikia kwa miguu. Kinachopungua ni muda, na muda wa Dar unaliwa na foleni.

Foleni yenyewe ina tabia yake, ukiijua inakuacha. Nyoosha kiganja chako. Katikati ya kiganja ni mjini: Posta, Kivukoni, Kisutu, Kariakoo. Vidole vinne ni barabara kuu zinazoingia: Bagamoyo kutoka kaskazini, Morogoro kutoka magharibi, Nyerere kutoka uwanja wa ndege na Pugu, Kilwa kutoka Mbagala. Asubuhi watu wanamiminika kuingia kiganjani, jioni wanamiminika kutoka. Barabara za kukatiza, kama Mandela na Sam Nujoma, zinabeba malori na mabasi kutwa nzima. Kwa hiyo anayelala nje ya mji na kutembea mjini anakwenda na mkondo mara mbili kwa siku. Anayelala mjini anaamka tayari yuko ndani, na siku akienda kaskazini asubuhi anayapita magari yaliyosimama upande wa pili.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalowaambia wageni ni kuhusu pa kulala. Wanaokuja na mabasi ya mikoani hupenda kulala Mbezi au Kimara kwa sababu stendi kuu, ya Magufuli, iko Mbezi, na vyumba vya huko ni nafuu. Naelewa kabisa, hela ni hela. Lakini kama una siku mbili tu, tafuta gesti au hoteli Kariakoo, Kisutu au Upanga, hata kama chumba ni kidogo kuliko ulichozoea. Tofauti ya bei utaifidia kwenye nauli, na saa utakazookoa hazinunuliki. Yule mama na familia yake tuliwahamishia Upanga siku ileile.

Ukishuka Mbezi, mwendokasi ndiyo njia ya kuingilia mjini. Mabasi haya yalianza kubeba abiria Mei 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na matawi ya Gerezani na Morocco. Yana njia yao peke yao, na hiyo ndiyo faida yake. Usipande saa moja asubuhi ukiwa na mabegi na watoto. Subiri saa nne, utapumua.

Siku ya kwanza iwe ya mjini, na ukiweza iwe Jumamosi. Anza Feri, kwenye soko la samaki, saa kumi na mbili na nusu. Mgeni akiniambia ataamka saa tatu namsihi sana, maana saa tatu soko lipo lakini mnada wenyewe umeshapita. Alfajiri mashua zinakuwa bado zinashusha. Vijana wanatembea majini hadi kiunoni, ndoo kichwani, wanamwaga samaki juu ya meza za saruji zilizolowa: changu, kolekole, vibua, pweza aliyejikunja kama nguo iliyokamuliwa, na siku nyingine jodari wa kubebwa na watu wawili. Dalali anasimama juu ya meza, anataja bei haraka haraka, na wanunuzi hawapigi kelele kama unavyodhani. Mama anayenunua kwa ajili ya kwenda kukaanga ananyanyua kidole, basi. Nilisimama na mzee wa Tabora dakika arobaini hapo. Amekula sato na kuhe maisha yake yote, na alikuwa anamshika kila samaki wa bahari akiuliza jina lake. Muuza pweza akamwambia, "Babu, huyu ukimchemsha bila kumpiga atakushinda meno." Vaa viatu visivyoogopa maji, na simu iwe mfuko wa mbele.

Tahadhari moja hapa, na naisema kwa uzito: jirani kabisa na Feri ni Ikulu. Usielekeze kamera huko, wala kwa askari, wala bandarini. Piga picha za bahari na samaki, na muombe ruhusa mtu kabla hujampiga picha akiwa kazini.

Ukishakula samaki wa kukaanga palepale, tembea kwa miguu kando ya bahari kuelekea magharibi. Ni mwendo mfupi, na ndani yake umejaa mwanzo wote wa jiji. Utapita Kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye vigae vyekundu, lililoanza kujengwa 1898, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lenye mnara uliochongoka. Yote mawili ni kazi ya enzi za Wajerumani, na yote bado yanasaliwa, kwa hiyo ingia kwa adabu. Mbele kidogo, kwenye barabara ya Sokoine, kuna nyumba ambayo wengi wanaipita bila kugeuka: Nyumba ya Atiman. Ni ya miaka ya 1860, ya wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji jirani na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki 1870 na mji haujakamilika. Jina la nyumba lilikuja baadaye, la Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, halafu akaja kutibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia 1889 hadi alipofariki 1956. Mama wa Tabora alikuwa na ndugu huko Mpanda. Alipolisikia jina la Karema akagusa ukuta kwa kiganja, akakaa nao kidogo.

Mkabala na boti za Zanzibar kuna Boma la Kale, la enzi za Majid pia, kuta nene za matumbawe na mlango wa kuchonga wa Kizanzibari. Ndani kuna kituo cha urithi wa majengo ya jiji, na ramani zake zitakuonyesha mji ulivyokua kutoka hapo ulipo. Kwangu mimi hilo ni jambo la kufanya siku ya kwanza, maana ukishaiona ramani ile, mitaa yote inaanza kueleweka.

Rudi kwa barabara ya Samora hadi kwenye sanamu ya Askari. Wenyeji tunatumia sanamu hii kuelekezana njia tu, na inaniuma kidogo. Ilisimamishwa 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann. Ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake yanawataja pia wapagazi, wale waliobeba mizigo ya jeshi migongoni na vichwani. Kikosi chao cha Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ndiyo iliyotupa jina la Kariakoo. Nikisimama pale na wageni huwa nawaambia: askari amepewa shaba, mpagazi amepewa soko.

Jua likishakuwa kali, kati ya saa sita na saa tisa, usijitese barabarani. Ingia Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Hapo utakutana na habari za Zinjanthropus, fuvu la kale la jamii ya binadamu lililogunduliwa na Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, na kwenye bustani kuna kumbukumbu ya waliouawa kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Watoto wataganda kwenye magari. Waache.

Kariakoo nenda saa tisa alasiri. Watu watakwambia uende asubuhi, na kwa manunuzi ya jumla ni kweli, lakini wewe umekuja kuona. Tazama juu kwanza: soko kuu lilibuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, likajengwa miaka ya 1970, na paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini ili kukusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa. Baada ya hapo jiachie mitaani, kanga, viatu, spea, viungo. Ukichoka rudi kulala. Foleni ya jioni inatoka mjini, wewe hutoki.

Siku ya pili ni ya kaskazini, na Jumapili barabara ya Bagamoyo inapitika vizuri asubuhi. Hapa lazima uchague, na wengi hawapendi kuchagua: ama kisiwa, ama Mwenge na Kijiji cha Makumbusho. Vyote kwa siku moja vitakurudisha kwenye "tumeona magari tu".

Kisiwa ni Bongoyo, boti zinaondokea Slipway, Msasani. Kabla ya kuamua, angalia mwezi angani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya pwani yetu hupwa takriban saa nne asubuhi na hujaa takriban saa kumi jioni. Anayetaka kuogelea saa nne siku hiyo atatembea kwenye mawe na matumbawe. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi unaokua au unaopungua, tofauti ni ndogo na saa zinageuka. Waulize wenye boti saa ya maji kujaa kabla hujalipa. Kisiwa ni hifadhi ya bahari na kina kiingilio, kwa hiyo uliza kama bei uliyotajiwa inajumuisha vyote.

Ukichagua Mwenge, utawakuta wachongaji wa vinyago wakiwa kazini, wengi mikono yao ni ya Kimakonde kutoka kusini. Kununua si lazima, lakini ukinunua ujue mpingo. Kuna mbao laini inayopakwa rangi ya viatu ikang'aa vizuri kabisa. Pima uzito kwanza: mpingo ni mzito kuliko macho yanavyodhani, ukiutia majini unazama. Kisha geuza kinyago, tazama chini kwenye kikalio. Mara nyingi fundi huacha ukingo wa rangi ya maziwa, ndio ubao wa nje wa mti, na weusi unaingia ndani polepole. Paka mate kidoleni ufute. Kidole kikitoka cheusi, mrudishie muuzaji kwa upole, ushukuru, usogee meza nyingine. Miaka yangu ya mwanzo nilimpeleka mgeni duka moja nililoliamini, akaondoka na kinyago kilichomchafua shati jeupe ndani ya ndege. Tangu siku hiyo kidole changu kinafanya kazi kabla ya mdomo wangu.

Kijiji cha Makumbusho kipo jirani, kando ya barabara ya Bagamoyo, kimefunguliwa tangu 1967. Kina nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa vifaa vya kwao. Mzee wa Tabora aliingia kwenye nyumba ya Wanyamwezi akaanza kuwaeleza wajukuu kila nguzo ni ya nini. Mimi nilinyamaza, nikawa mgeni wake.

Jioni kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi mno: watu wanakimbilia Coco Beach kuona jua likizama baharini. Coco inatazama mashariki. Jua linachomoza kwenye maji, na jioni linazama nyuma yako, juu ya nyumba za Oysterbay. Machweo ya baharini yako upande wa pili wa rasi ya Msasani, Slipway, ambako ghuba inatazama magharibi na mashua zinabaki kama vivuli vyeusi. Uwe hapo saa kumi na mbili kasoro. Likishazama, chukua bajaji, ukatize rasi, uende Coco kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na mishikaki, upepo ukiwa umeshapoa na jiji zima limekuja na watoto wake.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenye hali ya hewa nzuri zaidi kwa ratiba hii. Machi hadi Mei ni masika, na mvua kubwa ikinyesha, bonde la Msimbazi pale Jangwani linaweza kufurika na kufunga barabara ya Morogoro, hapo hata mwendokasi husimama.

Siku ya kuondoka, hesabu kinyumenyume kutoka saa ya safari. Boti ya Zanzibar na treni ya SGR ziko mjini, unatembea au unapanda bajaji. Ndege ya jioni, toka mjini saa tisa, usingoje saa kumi na moja. Kama basi lako ni la alfajiri, basi usiku huo wa mwisho ndio wa kulala Mbezi. Familia ya Tabora niliwasindikiza huko saa tatu usiku, barabara nyeupe, na mama kwenye mapaja ana mfuko wa vibua vya kukaanga alivyofungiwa Feri.