Chupa ya Maji Isiyo na Maji: Sumu Tunazoishi Nazo Nyumbani

Katika nyumba nyingi tunazozitembelea kwa kazi yetu ya afya ya mazingira, uvunguni mwa meza ya jikoni huwa kuna chupa ya maji ya kunywa yenye kitu kisichokuwa maji. Lebo bado ipo, kifuniko ni kilekile cha bluu, ila ndani yamebaki mafuta ya taa ya siku umeme ulipokatika. Mama anajua. Baba anajua. Mtoto wa miaka miwili aliyetoka kucheza juani ana kiu, naye anachojua ni kwamba chupa ya namna ile huwa na maji.

Mafuta ya taa hayaui sana kwa kufika tumboni. Ubaya wake ni mapafu. Ni mepesi mno, mtoto akipaliwa hata kidogo yanateremka kwenye njia ya hewa na kuuchoma mwili kwa ndani. Ndiyo maana nasisitiza kila ninapokutana na wazazi: msimtapishe. Akitapika, mafuta yanapanda tena kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa bibi zetu walitufundisha hivyo kwa nia njema kabisa. Mvueni nguo zilizolowa, muosheni ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpelekeni kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima mpelekeni, kwa sababu kikohozi na kuhema kwa shida vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Kinachonitisha zaidi ya mafuta ya taa ni dawa ya kunguni na mende inayopimwa sokoni kwenye kijichupa kisicho na lebo. Mara nyingine ni dawa ya kupulizia mazao, na baadhi yake huishambulia mishipa ya fahamu: mtu anatokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi inakata. Daktari anaweza kuokoa maisha akijua amepambana na sumu ipi. Kijichupa kisicho na jina kinamnyima muda huo. Nunueni dawa yenye lebo, ibaki kwenye chombo chake, iwekwe juu ya kabati au ifungiwe, wala isilale jikoni.

Ndoo nazo ziangaliwe. Fundi akimaliza kupaka rangi huacha ndoo ya lita 20, inasuguliwa kwa mchanga na sabuni hadi inang'aa, halafu inajazwa maji ya kunywa. Plastiki hunyonya kilichokuwemo na hukitoa taratibu, hata kama pua haisikii harufu. Ndoo hiyo ipigieni deki au mpandie maua.

Halafu kuna mfuko wa nailoni. Najua wali uliofunikwa kwa mfuko hukauka vizuri na mvuke haupotei, nami nimekula wali huo utotoni. Lakini joto hulainisha plastiki, na kemikali zilizotiwa kiwandani ili iwe laini au iwe na rangi huhamia kwenye chakula, hasa chenye mafuta. Jani la mgomba linafanya kazi hiyohiyo, na mfuniko uliopaliwa makaa juu unafanya vizuri zaidi. Mfuko huohuo msiuwashie mkaa. Moshi wake mweusi unaingia kwenye kifua cha anayepepea jiko, ambaye mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Hapo kwenye jiko nataka tukae kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa, mafuta ya taa na nishati nyingine za namna hiyo, ilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Vingi ni vya taratibu: nimonia kwa watoto, moyo na kiharusi kwa wakubwa. Ila kuna kifo cha usiku mmoja. Baridi ya Juni na Julai ikishika Njombe, Lushoto au Arusha, watu huingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa kanga. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, na hapo ndipo wengi hudhani umekuwa salama. Kumbe bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kizunguzungu na kichefuchefu, anasema ni malaria, analala. Kama wote mliomo chumbani mnaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na akitoka mtu nje anapata nafuu, hiyo si malaria. Fungueni milango, tokeni nje, mtoeni aliyelegea, mwende hospitali. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Jiko la mkaa lisilale ndani, basi.

Si kila familia itahamia gesi kesho, nalifahamu hilo. Lakini maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva mapema zaidi, na kila dakika inayopungua jikoni ni moshi ambao mama hakuuvuta. Pikieni kibarazani inapowezekana, na kuni ziwe kavu.

Sumu nyingine huletwa na mtu anayependwa kuliko wote. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilimwaga madini ya risasi kwa miaka, hadi mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Vumbi la risasi halihitaji kiwanda kikubwa ili liingie nyumbani. Fundi betri, mchomeleaji, mkwangua rangi kuukuu, wote hulibeba kwenye nguo, kisha mtoto anarukia mapajani. Mwili wa mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wake. Baba avue nguo za kazi mlangoni, anawe, ndipo ambebe mwanawe. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Mkorogo nitausema kwa ufupi kwa kuwa umesemwa sana. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, inayoharibu figo na kumfikia mtoto aliye tumboni. Lebo ikiandika "mercury" au "calomel", au ikionya krimu isiguse pete na mkufu, iacheni dukani. Na anayesafisha choo asichanganye jiki na dawa nyingine ya choo yenye asidi, hutoka hewa ya klorini inayochoma mapafu papo hapo.

Nimebakiza gunia la mahindi. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na kuchemsha hakuiondoi. Unga wa lishe wa mtoto, ambao mama huuandaa kwa upendo mwingi, mara nyingi una vyote viwili, kwa hiyo ndio wa kuangaliwa kwanza. Anikeni juu ya turubai, si ardhini, hifadhini juu ya chaga, chambueni punje moja moja na kuondoa zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu. Hizo zilizotolewa zifukieni. Zisipelekwe kwenye pombe, wala asipewe kuku au ng'ombe, maana ng'ombe akizila, sumu inarudi mezani ndani ya maziwa.