Pedali za kunasa: geuza kiatu kwanza, uzito uutazame mwisho

Kabla ya kulinganisha bei na gramu, chukua kiatu chako cha baiskeli ukigeuze. Matundu yaliyo chini ya soli yameshakuamulia nusu ya kazi. Ukiona mawili yaliyo kando kwa kando, ndani ya mifereji inayoyaruhusu kusogea mbele na nyuma, hicho ni kiatu cha SPD, mfumo wa Shimano wenye kliti ndogo (kliti ni kipande cha chini ya kiatu ambacho pedali hukidaka). Ukiona matatu yaliyopangwa kama pembetatu, kitapokea mifumo ya barabarani: Look Keo, SPD-SL ya Shimano au Time. Mfumo wa Speedplay hufungwa kwa bolti nne, ila kliti zake huja na bamba la kuzishikiza kwenye soli ya matundu matatu. Viatu vingine vina mpangilio wa mawili na wa matatu pamoja. Vipo pia vibamba vya kufunga kliti ya SPD kwenye kiatu cha matundu matatu, lakini huiacha imetokeza chini ya soli, ukaishia na ubaya wa pande zote mbili: kutembea ni kwa shida kama zamani, na mguu umekaa juu zaidi ya pedali.

Kliti ni kile kipande cha plastiki au chuma kinachofungwa chini ya kiatu, ambacho pedali hukidaka. Unanasa kwa kukanyaga, unanasua kwa kuzungusha kisigino kuelekea nje. Wazo lenyewe lilitoka kwenye vifaa vya kufungia viatu vya kuteleza kwenye theluji: kampuni ya Look ya Ufaransa ililihamishia kwenye baiskeli mwaka 1984, na mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Mfaransa Bernard Hinault akashinda Tour de France kwa pedali hizo. Kabla ya hapo mguu ulitiwa ndani ya klipu ya chuma iliyo kama kikapu, ukakazwa kwa mkanda ambao ulilazimika kuulegeza kwa mkono kabla ya kusimama. Ndiyo maana jina la Kiingereza, "clipless", linawababaisha wengi: linadai pedali hizi hazina klipu, ilhali ndizo zinazonasa. Klipu isiyokuwepo ni kile kikapu.

Swali la pili ni kiasi gani utatembea. Kliti ya matundu matatu ni pana, ya plastiki, na imetokeza chini ya soli. Sakafu ya vigae ikilowa, utatembea kama bata. Kliti ya SPD ni ndogo, ya chuma, na kwenye kiatu chenye soli ya mpira imezama ndani. Pedali nyingi za SPD zinanasa pande zote mbili, kwa hiyo hutazami chini taa zinapowaka kijani. Pedali za SPD-SL na Keo zinanasa upande mmoja. Nyuma yake ni nzito, hivyo huning'inia pua ikiwa juu, nawe unaingiza ncha ya kliti kwanza kisha unabonyeza. Mtu anayesimama kila kona, au anayeacha baiskeli na kuingia ofisini, simwoni akikosea kuweka SPD kwenye baiskeli ya barabarani. Husemwa kwamba kliti ndogo hupoteza nguvu. Soli ikiwa ngumu, tofauti hiyo huisikii. Soli ikiwa laini, hata kliti pana haikuokoi. Anayekwenda saa nne au tano bila kushuka ndiye anayefaidi hasa ule upana.

Sasa tuje kwenye rangi za kliti, mahali ambapo makosa ni mengi kuliko kwingine kote. Kila mfumo una kiasi cha mchezo, yaani nyuzi ambazo kisigino kinaweza kuyumba kikiwa bado kimenaswa. Kwa SPD-SL, kliti ya njano ina mchezo wa nyuzi 6, ya bluu nyuzi 2, na nyekundu haina kabisa. Kwa Look Keo, nyeusi ndiyo isiyo na mchezo, kijivu ina nyuzi 4.5, na nyekundu ina 9. Soma tena: nyekundu ya Shimano imekaza mguu kabisa, nyekundu ya Look ndiyo yenye mchezo mkubwa kuliko zote za Look. Aliyehama kutoka Keo kwenda SPD-SL akaagiza "nyekundu kama za mwanzo" ataisikia kwenye magoti. Na ingawa kwa jicho zinafanana, kliti ya mfumo mmoja haiingii kwenye pedali ya mwingine.

Anza na njano kwa Shimano, na kijivu au nyekundu kwa Look. Goti halisogei kwenye mstari ulionyooka kama bawaba ya mlango. Mguu unaposhuka, mfupa wa chini huzunguka kidogo, na mzunguko huo usipopata njia kwenye kliti huishia gotini. Kliti isiyo na mchezo inamfaa yule ambaye mkao wake umeshapimwa na kuthibitika, naye anajua kwa nini anaitaka. Speedplay ina njia yake: mchezo unarekebishwa kwa skrubu mbili ndogo, kuanzia nyuzi 0 hadi 15, na pedali inanasa pande zote mbili. Gharama yake ni kwamba mtambo wa kunasa uko kwenye kliti, si kwenye pedali, hivyo mchanga ukiingia humo kazi ya kuusafisha ni yako.

Ndani ya SPD kuna mtego mwingine mdogo. Kliti ya SH51 inanasuka kwa kuzungusha kisigino tu. SH56 inanasuka pia ukivuta mguu juu kwa upande. Hiyo ya pili humtuliza anayeanza, lakini akisimama juu ya pedali kupanda mlima kwa nguvu inaweza kumtupa mguu nje. Kwa maoni yangu ni bora SH51 huku springi ikiwa imelegezwa kabisa. Skrubu ya springi inafunguliwa kwa spana ya pembe sita, milimita 3 kwa SPD nyingi na 2.5 kwa SPD-SL. Hesabu milio ya "tik" unapogeuza, uweke idadi sawa pande zote. SPD ya pande mbili ina skrubu nne, na huwa moja inasahaulika. Look Keo Blade haina springi ya kawaida ya kuzunguka, ina bamba linalopinda.

Kufunga kliti ndiko kunakoamua kama utapenda pedali hizi. Vaa kiatu, papasa mfupa uliotokeza nyuma ya kidole gumba, kisha ule wa nyuma ya kidole kidogo, weka alama kwa nje ya kiatu. Mstari wa ekseli ya pedali (chuma ambacho pedali huzungukia) upite kati ya alama hizo mbili. Kliti ikiwa mbele mno, shavu la mguu na kano ya kisigino hufanya kazi isiyo yao, na vidole hufa ganzi. Ukiwa na shaka, irudishe nyuma milimita mbili.

Halafu pembe. Keti juu ya meza miguu ikining'inia, utazame nyayo zinaelekea wapi zenyewe. Zikitazama nje, usizilazimishe mbele. Kumbuka kliti hufanya kazi kinyume: ili vidole vielekee nje, pua ya kliti igeuzwe ndani. Na ukiisogeza kliti kuelekea upande wa kidole gumba, mguu mzima husogea mbali na krenki, yaani mkono unaobeba pedali.

Paka grisi kidogo kwenye hesi za bolti, kaza kwa zamu, na umalizie kwa Nyutoni-mita 5 hadi 6 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Baada ya safari ya kwanza kaza tena. Kliti iliyolegea ni hatari kuliko iliyochakaa, kwa sababu ukizungusha kisigino kiatu kinageuka huku kliti imebaki ilipo, na hunasuki. Likikutokea, shuka kwa mguu wa pili, fungua kiatu na uutoe mguu, kisha shughulika na bolti kiatu kikiwa bado juu ya pedali.

Kwenye krenki, pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume. Pande zote mbili, ukiwa umesimama nje ya baiskeli, unakaza kwa kuzungusha kuelekea mbele. Anza kwa vidole mizunguko mitatu au minne. Ikigoma, itoe uanze upya, maana ekseli ni chuma na krenki nyingi ni alumini, ikiingia mshazari inazichana hesi. Grisi ni lazima, na Nyutoni-mita 35 hadi 40 zinatosha. Ukibadili mfumo, urefu kutoka ekseli hadi soli hubadilika, basi pima upya kimo cha tandiko.

Uzito sasa. Jozi ya pedali za Shimano 105 R7000 ni gramu 265, ya Dura-Ace R9100, ambazo ni za daraja la juu, ni 228. Gramu 37 hizo ni mafunda mawili matatu ya maji. Baadhi ya pedali zenye ekseli ya titani zina kikomo cha uzito wa mwendeshaji, kwa hiyo soma kijitabu kabla ya kulipa. Anayefikiria pedali za kupima nguvu aangalie kwanza zinatumia kliti gani, asije akalazimika kununua na viatu.

Zoezi la kunasua lifanyike umeegemea ukuta, mara ishirini kila mguu. Barabarani, nasua mita kadhaa kabla ya kusimama, kisha egemea upande ulionasuliwa. Karibu kila anguko la anayeanza ni baiskeli iliyosimama ikilalia upande ambao bado umenaswa.

Kliti za plastiki zibadilishe vipande vya rangi kwenye pembe vinapokwisha, au mguu unapoanza kutetereka juu ya pedali. Kabla ya kuitoa ya zamani, chora mstari kuizunguka kwenye soli.