Kesi ya ukatili haimalizwi sebuleni

"Familia ikisamehe, kesi imekwisha." Hakuna dhana inayoua kesi nyingi kama hii. Kesi ya jinai ni ya dola. Aliyeumizwa, awe mtoto, mzee au mtu mwenye ulemavu, ni shahidi tu, na mwenye uamuzi wa kuendelea au kuondoa mashtaka ni mwendesha mashtaka. Hati ya fidia iliyotiwa saini na wazee wa pande mbili haimfungi. Anayemshinikiza shahidi abadili maelezo au asifike mahakamani anaweza kujikuta kizimbani yeye mwenyewe.

"Daktari hakuona jeraha, kwa hiyo hakuna kilichotokea." Watoto wengi waliodhulumiwa kingono hukutwa hawana alama yoyote. Sehemu za siri hupona haraka, mara nyingi ndani ya siku chache, na vitendo vingine havijeruhi kabisa. La kuzingatia ni saa 72 za kwanza: ndipo uwezekano wa kupata vinasaba (DNA) vya mtendaji kwenye mwili wa aliyedhulumiwa ni mkubwa, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya muda huohuo. Asioge kabla ya kupimwa. Kila nguo iwekwe peke yake kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, ukungu ukaota na vinasaba vikaharibika. Nguo mbichi ianikwe kivulini kwanza. Saa hizo zikipita, mpeleke vilevile, kwani shuka na nguo hutunza ushahidi kwa muda mrefu zaidi.

"Mtoto mdogo hawezi kutoa ushahidi." Anaweza, mradi mahakama iridhike kwamba anaelewa maswali na wajibu wa kusema kweli. Kinachomharibia ni sisi wakubwa: mama anauliza, shangazi anauliza, mwalimu naye anauliza. Ukimwambia "Ni mjomba aliyekushika, siyo?" umeshamwekea jibu mdomoni, na wakili wa utetezi atapashikilia hapohapo. Mwambie "Nieleze kilichotokea", kisha nyamaza. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe na saa, na mahojiano mengine uwaachie waliofunzwa kazi hiyo.

"Bila kipigo hakuna kosa." Mwenye wajibu wa kumtunza mtu asiyejiweza akamwacha na njaa, bila dawa, au alale upande mmoja hadi vidonda vya kitandani vifike mfupani, anaweza kushtakiwa kwa kumtelekeza. Kadhalika mtoto anayetoa pesa za mzazi wake mgonjwa kwa matumizi yake mwenyewe: mamlaka ya kusimamia mali ni kwa faida ya mwenye mali, na kuyageuza ni wizi. Hapa taarifa za benki na rekodi za dawa husema mengi. Kidonda kipigwe picha yenye tarehe, rula ikiwa pembeni. Usijaribu kukisia umri wa mchubuko kwa rangi yake. Hata madaktari hawawezi kwa uhakika.

"Usiripoti mpaka uwe na hakika." Shaka yenye msingi inatosha. Kuthibitisha ni kazi ya wapelelezi.

"Miaka imepita, haisaidii tena." Uingereza haina ukomo wa muda kwa makosa makubwa ya jinai. Ufaransa, aliyebakwa akiwa mtoto ana miaka 30 ya kushtaki, inayohesabiwa tangu atimize miaka 18.