Alkali ya tanki si PH (na haijatokana na "kali")

Juzi saa moja asubuhi shemeji yangu kanipigia simu, hata salamu kaikata nusu. Yuko Maskati kama mimi, mitaa miwili tu kutoka kwangu, na anapanga tanki la matumbawe la lita 300, anataka yale magumu ya mawe, akropora hasa. Mna maji, mna mawe, na vipande viwili vya majaribio alivyovitia kwa pupa. "Shem, alkali yangu inashuka kila usiku. Jioni 8.2, saa hizi 7.8. Vile vijiko viwili vya magadi soda naona havitoshi, niongeze vingapi?"

Nikamuuliza kapima na nini. Na kile kipimo cha kalamu, anasema. Basi nikajua, hiyo si alkali, hiyo PH. Na si yeye peke yake, kila ninayekutana naye mwenye tanki la chumvi ananitajia nane nukta kitu halafu anaiita alkali, na mi nimekaa kimya muda mrefu kwa adabu tu.

Maana yenyewe fupi. Alkaliniti, hiyo tunayoifupisha tukaiita alkali, ni kiasi cha asidi ambacho maji yanaweza kukimeza kabla hayajashindwa. Kwenye maji ya bahari kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanywa na bikaboneti na kaboneti, na hizohizo ndo tumbawe linazichukua, linazichanganya na kalsiamu, linajengea mifupa yake. PH ni hali ya maji, asidi iko kiasi gani kwa dakika hii uliyopima, basi. Mtu anaweza kuwa amenuna leo na bado ana kifua, na mwingine anacheka lakini kifua hana, neno moja tu keshalipuka. PH ni uso, alkaliniti ni kifua.

Ukitaka kuiona kwa macho angalia kipimo chake. Unachota mililita 5 za maji ya tanki kwenye kichupa, unadondosha dawa tone moja moja huku unatikisa, maji yanakuwa buluu, unahesabu. Dawa ile ni asidi. Kila tone maji yanalimeza, yanalimeza, halafu tone moja linakuja yanageuka manjano ghafla, hapo yameshindwa. Kwenye kipimo changu kila tone ni digrii moja. Yaani unachohesabu ni matone mangapi maji yamevumilia, na kalamu ya PH haina namna ya kukwambia hilo hata ukiichovya mchana kutwa.

Digrii hizo zinaandikwa dKH, na herufi zenyewe ni za Kijerumani, K ya kaboneti na H ya ugumu, digrii moja ni sawa na miligramu 10 za chokaa isiyozimwa kwa lita. Bahari iko kwenye 7 hivi, wafugaji wa matumbawe ya mawe wengi wanakaa baina ya 7 na 9. Sasa bahati mbaya PH ya bahari nayo iko kwenye nane, namba zinafanana, na nadhani nusu ya mkanganyiko wote unatokea hapo.

Nusu nyingine ni neno lenyewe. Nimesikia mtu mzima, msomi, akielezea kwamba alkali inaitwa hivo kwa sababu ni kali, inaunguza. Jamani. "Kali" yetu ni ya Kibantu, hata Wazulu wanayo, wanasema "bukhali" kwa kitu chenye makali, na hawakuitoa kwenye kemia. Alkali ni Kiarabu, al-qaly, majivu ya mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi, watu walikuwa wanaichoma majani na vijiti, wanaloweka majivu, wanapikia sabuni na kutengenezea kioo. Wajuzi wa lugha wanalinasibisha neno hilo na kitenzi cha kukaanga, na huku Maskati ukikaa mkahawani ukaona kwenye orodha samaki "maqli" ujue ni ndugu yake hiyo. Likaenda Ulaya, Wajerumani wakalikata kichwa wakapata Kalium, ndo maana potasiamu alama yake K ingawa jina halina K. Na kwetu kitu chenyewe kipo miaka yote bila hilo jina, Waluhya wanachuja majivu wapate munyu wa kupikia mrenda, ile ni alkali halali kabisa, na kuna magadi, ambayo ziwa zima kule Kenya limepewa jina lake.

Kwa hiyo asili ya neno ni kitu, ni majivu, unayashika mkononi, unayapima kwa kilo. Na alkaliniti mpaka leo ina tabia hiyohiyo, ni mzigo uliomo ndani ya maji, unaongezwa na unatumika. Wakati PH kaja nayo Mdenmaki mmoja, Sørensen, mwaka 1909, kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, na ni namba ya kuonyesha tu asidi iko kiasi gani sasa hivi. Hakuna gunia la PH.

(Wakati tuko kwenye magadi: ninayosema ya tanki ni magadi soda safi, ile ya unga ya kuumulia keki. Si magadi ya mawe ya ziwani, yale yana floridi nyingi na takataka nyingine, na si bekingi pauda, ile imechanganywa na asidi na wanga.)

Turudi kwa shemeji. Sebule yake imefungwa madirisha, AC inazungusha hewa ileile, watu saba wanalala humo ndani na wageni hawakatiki. Kabonidayoksaidi inajaa, inaingia kwenye maji, PH inashuka. Usiku taa zimezimwa na vyote tankini vinapumua bila kuitumia, inashuka zaidi. Lakini alkaliniti haijaguswa, hewa hiyo haiipunguzi hata tone. Na kituko ni kwamba magadi soda hata PH yenyewe haiipandishi kwa maana, wakati mwingine inaishusha kidogo, kwa hiyo asubuhi anaona namba mbaya vilevile, usiku anatia tena. Gramu 9 za soda, kama vijiko viwili vya chai, zinapandisha lita 300 kwa digrii moja. Siku nne alifanya hivo.

Nikaenda na kichupa changu. Maji buluu, nikahesabu kwa sauti, tisa, kumi, kumi na moja, yeye ananiangalia, la kumi na tatu ndo likageuka. Chumvi aliyoanza nayo inatoa 9. Vile vipande viwili vya akropora ncha zake zilikuwa nyeupe kama zimechovywa kwenye chokaa, nyama imeshatoka.

Kwenye kupanga tanki la matumbawe ya mawe, hili ndo la kuamua kabla hata ya taa: digrii ngapi unataka, chumvi gani inakupa karibu na hapo, na utairudishaje kila siku matumbawe yakianza kula. Na yanakula kweli. Kila digrii 2.8 ikiondoka kalsiamu inapungua miligramu 20 tu kwa lita, kutoka 420 za kawaida hata huioni, ila kwenye alkaliniti ya digrii 7 au 8 ni zaidi ya theluthi ya mzigo. Ndo maana inapimwa hiyo kwanza.

Tukafungua dirisha la barazani, joto likaingia, mkewe akalalamika. Baada ya saa mbili na nusu, taa za tanki hazijawashwa bado, kalamu ikasoma 8.0.

"Kwa hivo alkali imepanda, shem?"

Nikachota tena, nikahesabu mbele yake, kumi na tatu. "PH ndo imepanda shemeji. Alkali ni hii hapa, na weye ile soda irudishe jikoni."