Vita na matetemeko sio tarehe ya mwisho wa dunia

Jamani, kila vita ikianza Mashariki ya Kati watu wanaforwadi video eti unabii umetimia, mwisho ni mwaka huu. Hebu someni Mathayo 24 yote, Yesu anataja vita, njaa na matetemeko halafu hapo hapo mstari wa 6 anasema msitishwe, "ule mwisho bado", na wa 8 anaita hayo mwanzo wa utungu tu. Siku yenyewe hata malaika hawaijui. Kule Marekani mhubiri William Miller alipiga hesabu za kitabu cha Danieli kujua Yesu atarudi lini, wafuasi wake wakangoja tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakaacha mazao shambani, Yesu hakurudi. Inaniuma sana mtu kuuza shamba la watoto sababu ya tarehe ya mhubiri, wakati sura hiyo hiyo inamsifu mtumwa anayekutwa akiendelea na kazi yake.