Ndama Amevimba Magoti, Chanzo Kipo Kitovuni

Swali: Daktari, ndama wangu ana siku nane. Tangu jana anachechemea, magoti ya mbele yamevimba na yana joto. Hajaanguka wala hajakanyagwa na mama yake. Jirani ananiambia nimchue kwa mafuta ya moto. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, mama. Mafuta yaache. Kwanza mlaze ndama umkague kitovu. Kikiwa kinene kama kidole gumba, kibichi, kinanuka, au akishtuka ukikigusa, basi ugonjwa umeanzia hapo. Usimchue, maana kiungo chenye usaha kinauma mno na kuchua hakuutoi. Mwite daktari wa mifugo leo hii.

Swali: Kitovu na goti wapi na wapi?

Jibu: Vimeunganishwa na damu. Alipokuwa tumboni, ndama hakula wala kuvuta pumzi. Damu yenye chakula na oksijeni ilitoka kwenye kondo ikamjia kwa vena za kitovu, ikapitia ini, ikaingia moyoni. Ateri mbili za kitovu zikairudisha kwenye kondo. Akizaliwa, kitovu hukatika. Ateri hujivuta na kurudi ndani ya tumbo, vena hunywea na kuziba polepole. Kabla kitovu hakijakauka, pale ni mlango ulio wazi. Ndama akilala kwenye samadi na mkojo, bakteria huingia, hupanda na vena hadi kwenye ini, kisha damu huwasambaza mwili mzima.

Swali: Sasa mbona wanang'ang'ania viungo?

Jibu: Hapa naomba unisikilize kwa makini. Katika kiungo, ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, na zimezungukwa na mfuko wenye ute unaofanya zisisagane. Utando wa ndani wa mfuko huo umejaa mishipa midogo mno ya damu, kwa sababu ute unachujwa kutoka kwenye damu. Bakteria waliomo kwenye damu hunaswa humo na kuvujia ndani ya ute. Gegedu lenyewe halina mshipa wa damu hata mmoja, linalishwa na ute tu. Ute ukigeuka usaha, gegedu huliwa, na haliponi kama kidonda cha ngozi kinavyopona. Ndiyo maana nimekuambia leo. Ukichelewa, mguu unaweza kukakamaa moja kwa moja.

Na usiishie magoti ya mbele. Hayo tunayaita magoti kwa mazoea, lakini kimaumbile ni sawa na kifundo cha mkono wako. Goti halisi liko mguu wa nyuma, juu, karibu na tumbo. Lipapase, na kile kifundo kinachochongokea nyuma ukipapase pia, kisha ulinganishe kushoto na kulia.

Swali: Nina sindano iliyobaki ya ng'ombe mkubwa. Nimchome kwanza?

Jibu: Hapana, mama. Daktari ndiye atakayechagua dawa, kipimo na siku za kuichoma, na pengine itabidi kiungo kioshwe kwa sindano. Wakati unamsubiri, mpime joto njia ya haja kubwa: la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Mhamishie pakavu, na umsaidie kusimama anyonye. Baada ya kumshika, nawa kwa sabuni na uwaweke watoto mbali, kwani baadhi ya bakteria hawa, salmonela wakiwamo, huwaambukiza binadamu pia.

Swali: Nina mtamba anayezaa mwezi ujao.

Jibu: Basi huyo tumwahi. Safisha banda, tandika majani makavu. Ndama akitoka tu, chovya kitovu chote, hadi shinani, kwenye kikombe kidogo chenye iodini ya asilimia 7, urudie baada ya saa kadhaa.

Kisha dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga, hivyo ndama huzaliwa damu yake ikiwa karibu haina kinga kabisa. Utumbo wake huruhusu kinga ya dang'a kuingia kwenye damu kwa takriban saa 24 tu, na uwezo huo hupungua kila saa inayopita. Ndama wa kilo 30 apate kama lita 3 ndani ya saa 6 za mwanzo. Akizaliwa usiku, amka. Akishindwa kunyonya, kamua umnyweshe kwa chupa taratibu, akiwa amesimama au amelalia kifua, asije akapaliwa.