Je, wajua kwa nini filamu ya kutisha ikifuatiwa na ya pili, ya pili huangusha watazamaji?

Kaa na vijana wa Lubumbashi wanaopenda filamu za kutisha, iwe mitaa ya Kenya, Katuba au Kamalondo, na swali hili utakuta limeshajibiwa: "Walitafuta falanga tu." Ya kwanza ilitengenezwa kwa moyo, ya pili kwa tumbo. Ni jibu tamu, maana linatupa mtu wa kulaumu. Kasoro yake ni kwamba hata ya kwanza ilitengenezwa ili iuzwe.

Tazama The Blair Witch Project ya mwaka 1999, kazi ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Wanafunzi watatu wanaingia msitu wa Maryland, Marekani, kumtafuta mchawi, na waigizaji wenyewe ndio wanaoshika kamera. Upigaji picha unakadiriwa kugharimu dola zisizozidi 60,000. Filamu iliingiza karibu dola milioni 250 duniani. Oktoba 2000 ikaja ya pili, Book of Shadows, kwa bajeti ya dola milioni 15. Wahakiki waliichana, na mapato hayakufika milioni 48.

Kama ukosefu wa pesa ndio ugonjwa, dawa ilikuwepo, tena mara 250. Hapo wabishi hugeuka: basi pesa nyingi ndizo zilizoiharibu. Au mwongozaji alikuwa mvivu. Lakini Joe Berlinger, aliyeiongoza hiyo ya pili, alikwisha kujijengea heshima kwa filamu za ukweli, na alitaka kuacha mtazamaji na mashaka. Kwa maelezo yake, studio iliikata kazi yake upya na kuichomekea vipande vya damu muda mfupi kabla haijatoka. Hiyo ni simulizi ya upande mmoja, ingawa ukiitazama filamu unaona mishono. Hata hivyo, tukikubali kila neno lake, tumeeleza filamu moja tu. Swali lilihusu filamu nyingi, za studio tofauti na waongozaji wasiofahamiana.

Sababu pana imejificha mahali tusipochungulia: namna filamu inavyochaguliwa kupewa ya pili.

Chukua makala, yaani mkaa wa kupikia. Kila anayewasha mbabula, jiko la makala, hapa Lubumbashi anajua magunia hayalingani. Mchomaji ana ustadi wake: kupanga magogo, kufunika tanuru kwa udongo, kujua saa ya kulifungua. Lakini kuna mambo asiyoyaamua, kama miti aliyoipata safari hiyo, au mvua iliyoikuta baiskeli kwenye barabara ya Kasenga. Sasa tuseme umenunua magunia kumi kwa watu kumi, na moja linayapita yote. Haliruki cheche, halina moshi, maharagwe yanaiva na moto bado upo. Bila shaka utarudi kwa yule yule. Gunia lake la pili ni zuri, ila si kama lile, na unasema moyoni: huyu ameanza kunichezea. Wala hakukuchezea. Ulimchagua siku ustadi wake na bahati yake vilipokutana. Ustadi amebaki nao. Bahati imehamia gunia la mwingine. Na yule aliyekuuzia gunia baya kuliko yote? Hukurudi kwake, kwa hiyo hutajua kwamba gunia lake la pili huenda lingelishinda la kwanza.

Francis Galton, Mwingereza, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1886 alipopima urefu wa wazazi na watoto wao: watoto wa wazazi warefu sana kwa kawaida walikuwa warefu, ila si kiasi hicho. Hakuna nguvu inayowavuta chini. Ukianza kuhesabu kutoka kileleni, hatua inayofuata ina nafasi kubwa ya kuwa mteremko.

Bahati ya 1999 inaonekana wazi. Intaneti ilikuwa bado changa, tovuti ya filamu iliwatangaza wale vijana watatu kuwa wamepotea, na watu wengi waliamini. Mwaka uliofuata kila mtu alijua kwamba waigizaji wako hai. Filamu ya pili yenyewe ilikiri hivyo: wahusika wake ni mashabiki walioitazama ya kwanza, wakaenda kuuona msitu.

Hesabu hii inaeleza wastani, haimfungi kila mtu. Aliens ya James Cameron, ya mwaka 1986, ilifuata filamu ya Ridley Scott ya 1979, na wengi huiweka sawa nayo. Cameron aliigeuza hofu kuwa vita, pengine akaponea hapo. Kwa mfano mmoja hatuwezi kuapa. Tena filamu za kutisha zina mzigo wa ziada: mtazamaji wa pili keshamjua mchawi. Mzigo huo una uzito gani ukitenganishwa na bahati, ni vigumu kupima.

Kuna jambo moja la kuchekesha kwenye takwimu. Mwaka 2016 mwongozaji mwingine, Adam Wingard, aliurudia msitu ule kwa filamu iitwayo Blair Witch, bajeti dola milioni 5. Iliingiza karibu milioni 45, yaani jirani kabisa na ile ya mwaka 2000, iliyogharimu mara tatu yake. Alama mbili ni chache mno kuchora mstari, lakini zinashawishi: labda bei ya kawaida ya mchawi yule ni hiyo, na cha ajabu kilikuwa zile milioni 250.